Tumemnyima mama wali na tende ili saratani ife njaa: je, tumefanya sawa?

SWALI

Assalaam alaykum mshauri wetu,

Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu, na ndiye ninayemuuguza mama yangu mzazi. Mwaka huu mama alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Daktari alitueleza kwamba uvimbe wote ulitolewa, ila ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye tezi za limfu zilizo karibu, na kwa hivyo anahitaji kemo ili kuzimaliza seli ambazo huenda zimebaki mwilini. Kila baada ya wiki tatu tunavuka hadi Mokowe, tunapanda basi kwenda Mombasa, anatiwa dripu ya oksaliplatini, kisha tunarudi nyumbani na vidonge vya kapesitabini ambavyo humeza asubuhi na jioni kwa siku 14.

Baada ya dripu ya pili, binamu yangu alitutumia video inayosema kwamba saratani hula sukari peke yake, kwamba mwanasayansi wa Ujerumani alipewa tuzo ya Nobel kwa kuligundua jambo hilo, na kwamba hospitali zinalificha kwa sababu kemo ina faida kubwa ya pesa. Katika video hiyo ameonyeshwa mgonjwa aliyedungwa sukari maalumu, na picha ya mwili wake ikawaka mahali penye uvimbe. Tuliingiwa na hofu. Tangu siku ile tumemwondolea mama wali, mkate, mahamri, viazi, ndizi, tende, maziwa na hata uji. Anakula mboga za majani na kipande kidogo cha samaki, na anakunywa kahawa chungu bila kitu cha kutafunia. Vidonge vyake sasa anavimeza alfajiri akiwa hajatia kitu tumboni, kwa kuamini kwamba dawa hukata vizuri zaidi tumbo likiwa tupu.

Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba atutoke, amemnunulia mama metformini dukani, ingawa mama hana kisukari, na pia chupa ya unga unaosemwa kuwa ni wa vitamini na mitishamba ya kuua njaa ya saratani. Anataka mama aache kemo baada ya dripu ijayo, kwa kuwa kemo ni sumu, na ashike hii anayoiita tiba ya umetaboli, yaani ya kuvuruga jinsi seli zinavyokitumia chakula. Mama mwenyewe ananyamaza. Alikuwa na kilo 61 alipoanza dawa na sasa ana 53, na ameanza kutaka kufunga Jumatatu na Alhamisi ili, kama asemavyo, apate thawabu na dawa kwa pamoja.

Nataka kujua ukweli. Je, ni kweli saratani inaweza kuuawa kwa njaa? Na kama ni kweli, mbona daktari wetu hakutuambia?

Binti mwenye wasiwasi, Lamu

JAWABU

Wa alaykum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa na akulipe wewe kwa kumuuguza.

Nitaanza na yale yasiyoweza kungoja. Mrudishieni mama chakula leo hii. Kapesitabini haimezwi tumbo likiwa tupu: maelekezo yake ni kwamba imezwe kwa maji ndani ya dakika 30 baada ya kumaliza kula, asubuhi na jioni, na hivyo ndivyo ilivyofanyiwa utafiti tangu mwanzo. Metformini isitishwe mpaka daktari wake aijue, kwa sababu hakuandikiwa naye. (Mwenye kisukari anayesoma hapa asiache metformini yake, maneno haya hayamhusu.) Vilevile pigeni simu kliniki ya saratani kabla ya safari ijayo, mseme waziwazi kwamba mama amepoteza kilo nane. Kipimo cha kemo hukadiriwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na aliyepimiwa dawa akiwa na kilo 61 huenda akahitaji hesabu mpya akiwa na 53.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, ambalo ni swali zito na linastahili jawabu kamili, kwa kuwa aliyetengeneza video ile amechukua jambo la kweli akaliunganisha na jambo lisilo kweli, na mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaowapoteza watu wenye akili zao.

Ni kweli kwamba seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa pupa. Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, alipima vipande vya uvimbe katika miaka ya 1920 na kuona kwamba huivunja glukosi, ile sukari ya damu, kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale penye oksijeni ya kutosha, jambo ambalo seli nyingi za kawaida hulifanya pale tu oksijeni inapopungua. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1931, lakini aliipata kwa kazi yake juu ya kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) cha upumuaji wa seli, si kwa saratani. Yeye aliamini kwamba chanzo cha saratani ni kuharibika kwa mitambo ya upumuaji ndani ya seli, ile tunayoiita mitokondria. Waliomfuata waligundua kwamba katika saratani nyingi mitokondria ni nzima na zinafanya kazi.

Kwa nini basi seli itumie njia hiyo, hali njia ya kuvunja glukosi bila oksijeni huipa molekuli mbili tu za nishati, zile ziitwazo ATP, na ile ya oksijeni huipa takriban 30? Sababu mojawapo ni kwamba seli inayogawanyika haitafuti nishati peke yake, bali inatafuta pia malighafi ya kujengea seli nyingine: mafuta ya ukuta wake, asidi amino za protini zake, na vijenzi vya DNA. Fundi wa majahazi wa Matondoni akipata gogo hulipasua mbao wala halitii jikoni, na seli ya saratani nayo huishika sehemu kubwa ya glukosi ikaitumia kujengea kabla haijateketezwa yote. Umetaboli wa saratani ni habari ya ujenzi kama ulivyo habari ya njaa, na dawa zilizofaulu ni zile zilizouvuruga ujenzi huo.

Kosa la video liko hapa: inadhani kwamba sukari iliyo kwenye sahani na sukari iliyo kwenye damu ni kitu kimoja. Mwili hauruhusu glukosi ya damu itoweke. Ubongo pekee hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, na seli nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria, haziwezi kuishi bila glukosi. Kwa hivyo mtu asipokula wanga, ini lake hutengeneza glukosi, na malighafi yake kubwa ni asidi amino zinazotoka kwenye misuli. Mama alipoacha wali na tende, damu yake iliendelea kuwa na sukari, na seli yoyote ya saratani iliyobaki ingeendelea kuipata; kilichopungua ni nyama ya mapaja na mabega yake. Isitoshe, seli za saratani hazili glukosi tu. Zinatumia pia asidi amino iitwayo glutamini, ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, na nyingine hutumia mafuta. Hakuna mlo unaoweza kuzifunga njia hizi zote na ukamwacha mgonjwa hai.

Ile picha iliyowaka ni ya kipimo cha PET, na ni kipimo cha kweli. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyotiwa chembe ya mionzi, kisha mashine huonyesha mahali inapokusanyika. Lakini tazameni picha yoyote ya namna hiyo kwa utulivu: ubongo nao unawaka, kibofu kinawaka kwa sababu sukari hiyo hutoka na mkojo, na mara nyingi moyo pia. Picha inaonyesha nani anaichukua glukosi kwa wingi. Haionyeshi kwamba akinyimwa ndizi atakufa.

Umeuliza kwa nini daktari wenu hakuwaambia kuhusu tiba inayolenga umetaboli wa saratani. Mwanangu, amekupeni tiba hiyo mkononi, na nasikitika kwamba katika pilikapilika za kliniki hakuna aliyepata nafasi ya kuwaeleza. Kapesitabini ni tiba ya umetaboli. Katika miaka ya 1950 watafiti waliona kwamba uvimbe wa ini wa panya huchukua urasili, ambayo ni kijenzi kimojawapo cha RNA, ndugu ya DNA, kwa wingi kuliko ini lenye afya linavyoichukua. Charles Heidelberger na wenzake huko Wisconsin, Marekani, wakatengeneza urasili ya bandia kwa kuitia chembe ya florini, na mwaka 1957 wakaitangaza dawa iitwayo florourasili. Seli huipokea kama urasili halisi, lakini ikishaingia hukibana kimeng'enya kinachotengeneza thimidini, kijenzi kimojawapo cha DNA, na bila thimidini seli haiwezi kuinakili DNA yake. Inakwama katikati ya kugawanyika, na nyingi hufa hapo. Kapesitabini ni umbo la vidonge la dawa hiyohiyo: hupita utumboni ikiwa bado haijawa kali, hubadilishwa hatua kwa hatua na ini, na hatua ya mwisho hufanywa na kimeng'enya ambacho kwa kawaida huwa kingi zaidi ndani ya seli za uvimbe kuliko katika seli za jirani zake. Huko ndiko inakogeuka kuwa florourasili.

Njaa anayoitaka ami yako ipo, basi, na mama anaimeza mara mbili kwa siku. Ni njaa ya kitu kimoja mahsusi, inayotiwa ndani ya seli pale inapotaka kugawanyika, na ndiyo maana inafika mahali ambapo sahani tupu haifiki. Ndiyo maana pia inaumiza utando wa mdomo na wa utumbo, kwa kuwa seli za huko nazo hugawanyika haraka, na mgonjwa anahitaji chakula ili azijenge upya. Mnapomnyima chakula mnaipunguzia dawa yake mtu wa kuibeba.

Njia hii ina historia ndefu kuliko video yoyote. Sidney Farber wa Boston, mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwapa watoto wenye saratani ya damu dawa ya kuzuia kazi ya asidi foliki, vitamini ambayo seli huihitaji ili itengeneze DNA, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ule ukarudi nyuma kwa muda. Metotreksati inayotumika hadi leo ni ndugu wa dawa hiyo. Baadaye ikaja asparajinasi. Seli za aina moja ya saratani ya damu ya watoto haziwezi kujitengenezea asidi amino iitwayo asparajini ya kutosha, zinaitegemea iliyomo kwenye damu, na dawa hiyo ni kimeng'enya kinachoivunja asparajini humo damuni mpaka seli zile zikaikosa. Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na maneno ya video, na hata huo haukufanyika kwa mlo, kwa sababu mwili wa mtoto hujitengenezea asparajini hata asipoila.

Ziko pia dawa mpya. Enasidenibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na ivosidenibu mwaka 2018 kwa saratani ya damu yenye hitilafu katika vimeng'enya vya umetaboli viitwavyo IDH, na vorasidenibu mwaka 2024 kwa uvimbe wa ubongo wenye hitilafu hiyohiyo. Zinafanya kazi kwa wale ambao seli zao zina hitilafu hiyo. Nyingine zilizotarajiwa sana zimeanguka. Dawa ya kuzuia glutamini iitwayo telaglenastati ilifanya vyema maabara, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya figo haikuongeza manufaa iliyotarajiwa kuleta. Na metformini, ambayo ami ameinunua kwa nia njema, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,600 wenye saratani ya matiti wasio na kisukari, wakipewa hiyo au kidonge kisicho na dawa kwa muda wa hadi miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: metformini haikuzuia ugonjwa kurudi. Mama ana saratani nyingine, ni kweli, lakini kwake hiyo dawa inaweza kumharisha na kumkatisha hamu ya kula, na kapesitabini tayari hufanya hayo. Akiharisha hadi akapungukiwa maji na figo zikadhoofika, metformini huweza kuleta hatari ya asidi kujaa kwenye damu.

Kuhusu mlo wa kuondoa wanga wote, utafiti haujafungwa, nami siwezi kuufunga. Mwaka 2018 ilionekana kwa panya kwamba mlo huo uliisaidia aina moja ya dawa, ile inayozuia njia ya PI3K, mojawapo ya njia za ishara zinazoiambia seli ikue, kwa kuwa ulishusha insulini. Lakini katika utafiti huohuo, panya wenye saratani ya damu waliopewa mlo ule peke yake bila dawa, ugonjwa wao ulikwenda kasi zaidi. Kwa mgonjwa aliyekwisha kukonda, wataalamu wa lishe ya saratani wa Ulaya wametoa mwongozo usio na utata: asipewe mlo wowote unaompunguzia nguvu. Mama amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, naye ndiye hasa anayezungumziwa.

Mpeni nini? Miongozo hiyo inataja gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani kwa mama kati ya gramu 53 na 80 kwa siku. Yai moja lina gramu sita hivi, na gramu mia moja za samaki aliyepikwa zina ishirini au zaidi, kwa hivyo samaki wa kupaka mchana, yai asubuhi, mbaazi za nazi jioni na maziwa kati ya hapo vinaweza kumfikisha. Wali arudishiwe, na viazi, na tende mbili tatu pamoja na kahawa yake ikiwa ndizo anazozipenda, kwa sababu mgonjwa hula anachokipenda kabla ya kula kinachomfaa. Mpikieni kidogo kidogo mara tano au sita. Siku za kuharisha, punguzeni tui zito na pilipili, mpeni uji mwepesi wa mchele, ndizi mbivu, na maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati. Na kwa siku kadhaa baada ya dripu, asinywe chochote cha baridi, hata madafu ya kutoka kwenye friji, kwa kuwa oksaliplatini huifanya baridi ichome vidole na kubana koo.

Soda na halua za kila siku sizitetei. Unene na kisukari vinahusiana na saratani ya utumbo, na mtu mzima wa afya ana kila sababu ya kujizuia. Hilo ni shauri la miaka ya kinga. Mama yuko kwenye miezi ya matibabu, na shauri lake ni jingine.

Kufunga Jumatatu na Alhamisi ni sunna, na Ramadhani yenyewe Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa aiahirishe, kama ilivyo katika Surat al-Baqara, aya ya 185. Anayemeza dawa asubuhi na jioni baada ya kula ana udhuru ulio wazi. Mwombeni imamu wa msikiti wenu amwambie mama hivyo mwenyewe, kwani nahisi neno lake litamtua moyo kuliko langu.

Ami yako usimshinde kwa maneno mbele ya watu. Yeye ni mkubwa wa nyumba, na pesa alizotoa amezitoa kwa kumpenda shemeji yake. Mwombe afuatane nanyi safari ijayo aingie kwa daktari, na aulize yeye mwenyewe maswali matatu: kapesitabini inaua vipi seli za saratani, dawa hizi zinapunguza kwa kiasi gani uwezekano wa ugonjwa wa mama kurudi, na kuna hasara gani kuziacha sasa. Aulize pia kama yuko mtaalamu wa lishe anayeweza kumwona mama siku hiyohiyo, ili msilazimike kusafiri mara mbili.

Ile chupa ya unga ichukueni pamoja na kibandiko chake mkamwonyeshe mfamasia wa kliniki, na mama asiinywe mpaka hapo. Vitamini nyingi za dukani zina asidi foliki, na asidi foliki kwa wingi huzidisha makali ya kapesitabini hadi ikadhuru. Ikiwa amekuwa akiinywa na sasa ana vidonda mdomoni, au anaharisha mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, au ngozi ya viganja na nyayo imekuwa nyekundu na inauma, asimeze vidonge vinavyofuata kabla ya kuongea na kliniki. Homa ikifika nyuzi 38, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, mkamwambie wa zamu kwamba yuko kwenye kemo.